Iacheni Kanda Ivume

Maneno yaliyosemwa mjini Iringa kabla ya albamu kuchezwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kama msemaji mwenyewe alivyoyaandika baadaye.

Kamwene wazee wangu. Kamwene akina mama. Walimu, shikamooni. Na nyinyi vijana wa studio mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo, maana sehemu kubwa ya maneno yangu nimeyaleta kwa ajili yenu.

Albamu mtakayoisikia usiku huu ni ya nyimbo za asili za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na inatisha. Haina biti. Haina kinanda. Ina ligombo la Wahehe, ina zeze, ina marimba ya mkono, ina sauti za akina mama wa Mufindi walioimba wakiwa wameketi jikoni, moto unawaka, mvua inapiga bati. Tumeirekodi kwa kaseti. Mvumo wa kanda mtausikia mwanzo hadi mwisho, na mahali pengine utamzidi mwimbaji. Tumeuacha kwa makusudi, kama tulivyoiacha hofu iliyomo ndani ya nyimbo zenyewe. Nimesimama hapa kueleza kwa nini vitu hivyo viwili haviachani.

Karibu kila mtu humu ndani alihadithiwa habari za msichana na ngoma. Wasichana walikwenda mtoni. Watu wa pwani husema walikwenda baharini kuokota kombe. Mmoja akasahau kombe lake juu ya jiwe. Wenzake wakakataa kurudi naye. Akarudi peke yake, jua limeshazama, akiimba ili asiogope. Akamkuta zimwi ameketi juu ya lile jiwe. Zimwi akamwambia, sikusikii vizuri, sogea uimbe tena. Akasogea. Sogea kidogo tena. Alipofika karibu akamkamata, akamtia ndani ya ngoma, akawamba ngozi juu yake. Tangu hapo zimwi akawa anapita kijiji hadi kijiji, anasema nipeni chakula nami nitawapigia ngoma ambayo hamjapata kuisikia. Akipiga, msichana mle ndani anaimba.

Hadithi hii inasimuliwa Afrika Mashariki, inasimuliwa mpaka kusini kabisa mwa bara, na mwisho wake wengi mnaukumbuka: ngoma inafika kijijini kwa wazazi wake, mama anaitambua sauti, zimwi analeweshwa pombe, mtoto anatolewa, na ndani ya ngoma wanatiwa nyuki na nyoka. Watoto huwapenda sana wale nyuki.

Mimi nawaomba mrudi nyuma kidogo, kabla ya nyuki. Ngoma ilikuwa imeshapita vijiji vingapi? Na katika kila kijiji watu walifanya nini? Walicheza. Msichana alikuwa anaimba jina lake, anaimba jina la mto, anaimba jinsi alivyokamatwa, maneno yako wazi kabisa, na watu wakasema ngoma hii tamu, ongeza. Wakampa zimwi ugali na kuku. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa watu wa kawaida wenye shangwe yao, wakasikia mdundo, wakainuka.

Katika hadithi zetu zote sioni jambo la kutisha kuliko hilo. Meno ya zimwi huwatisha watoto. Kijiji kinachocheza kinanitisha mimi mtu mzima, kwa sababu nami nimecheza. Nyimbo ngapi za harusini na za unyagoni tunazipigia makofi, na ukimsikiliza anayeimba unakuta analia kwamba ameozwa, ametoka kwao, hatarudi?

Albamu nzima imesimama juu ya hapo. Tulitaka msikilizaji awe yule mama. Ausikie mdundo, mwili umwambie inuka, halafu katikati ya kuinuka asikie kwamba kuna mtu mle ndani. Na ili usikie kuna mtu ndani ya ngoma, sharti uisikie ngoma yenyewe. Usikie ngozi, usikie mti, usikie kwamba sauti imepita kwenye kitu kabla haijakufikia. Ukiondoa ngozi ili msichana asikike vizuri, umebaki na msichana anayeimba vizuri, na hadithi hakuna tena.

Vijana, hapo ndipo nilipo na neno nanyi.

Prodyuza mmoja, fundi kwelikweli, alisikiliza wimbo wetu wa kwanza akaniambia, mama, kuna kelele nyingi humu, nipe nikutolee. Nikampa. Programu anayotumia inafanya kazi hivi: unaionyesha kipande chenye kelele tupu, inaipima, halafu inapita wimbo wote ikipunguza kila kinachofanana na kile kipande. Ubaya ni kwamba pumzi ya mtu inafanana nacho. Sauti ya s inafanana nacho, na ya f, na ya sh. Kwa hesabu ya kompyuta hizo ni kelele tu kama kelele nyingine. Aliponirudishia, mvua ilikuwa imeondoka, moto umeondoka, na bibi aliyekuwa anavuta pumzi kati ya mstari na mstari hakuvuta tena. Aliimba tu. Nilisikia mwanamke asiye na mapafu, anaimba mahali pasipo na kuta. Kijana alikuwa amefanya kazi safi kama alivyofundishwa, na sina lawama naye. Lakini nilimwomba anirudishie kanda yangu kama ilivyokuwa.

Naomba mnielewe vizuri, kwa sababu najua mnavyowaza. Mnawaza kwamba huku kupenda mikwaruzo ni mtindo wa Wazungu waliochoka na studio zao nzuri, na kwamba sisi ambao studio nzuri tumezipata juzi tuna haki ya kupenda usafi. Mngekuwa na haki hiyo kama wazee wetu wangekuwa wanapenda usafi. Hawakuupenda. Nendeni upande wa Ziwa Nyasa mkaangalie vibuyu vya kuimbia katika ngoma ya mganda: kibuyu kinatobolewa tundu, na juu ya tundu unabandikwa utando mwembamba unaotoka kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Mtu akiimba ndani ya kibuyu, ule utando unatetemeka, sauti inatoka na mkwaruzo wa nyuki. Mtu alikwenda kumtafuta buibui ili aharibu sauti yake! Majirani zetu Wagogo wanafanya vivyo hivyo kwenye marimba yao. Hata marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003 baada ya kuizungusha marimba hiyo duniani, hakuacha kuifanya ivume. Kipande cha bati, kizibo cha soda, shanga, njuga, vyote vinafungwa kwenye chombo ili noti isitoke peke yake. Kwa wazee wetu sauti tupu, isiyo na kitu kinachotetemeka kando yake, ilikuwa sauti ambayo haijamalizika kutengenezwa.

Kwa hiyo kaseti ilipoingia vijijini na mvumo wake, kwa masikio ya bibi zetu haikuwa na kasoro ya kushangaza. Ilikuwa imekuja na buibui wake tayari.

Sasa nieleze vyombo, maana najua mnangoja hilo. Kaseti tunayoijua ilitolewa na Philips mwaka 1963. Utepe wake unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, polepole sana ukilinganisha na kanda kubwa za redio, na ndiyo maana unavuma: usumaku kidogo unabebeshwa sauti nyingi. Mwaka 1979 ikatoka mashine ya kwanza ya nyumbani ya kurekodi njia nne, yaani sauti nne kila moja peke yake, kwenye kaseti hiyohiyo, Portastudio ya kampuni ya TEAC. Hiyo inaukimbiza utepe mara mbili ya kawaida. Na kaseti ya kawaida ina njia mbili upande huu na mbili upande ule, lakini mashine ya njia nne inazitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja. Mnaona kinachotokea? Chukua kaseti iliyorekodiwa humo, itie kwenye redio kaseti ya kawaida. Njia mbili za kwanza zitapiga kwa nusu ya mwendo, kwa hiyo sauti inashuka oktavu nzima: msichana wa miaka kumi anakuwa mzee wa kiume anayeburuta maneno. Igeuze. Njia mbili zilizobaki zitapiga polepole vilevile, na kinyumenyume.

Zimwi anaishi ndani ya hiyo mashine, hatukuhitaji kumtafuta kwingine. Wimbo wa kwanza wa albamu ni bembelezi. Mnazijua bembelezi zetu: lala mwanangu, ukilia fisi atasikia, ukilia zimwi atakuja. Mama anamtuliza mtoto kwa kumtisha, na mtoto kweli analala. Tulimrekodi mama mmoja kwa njia mbili na binti yake kwa njia mbili, halafu tukaipiga kaseti kwenye redio ya kawaida. Anayejibu bembelezi mtakayoisikia ni yule binti. Hatukuongeza kitu.

Kuna kisa cha Marekani nataka vijana mkijue, kwa sababu kinawahusu watu wenye uwezo wa kuingia studio yoyote wanayoitaka. Januari 1982 mwimbaji maarufu Bruce Springsteen alijirekodi nyumbani kwake New Jersey kwa mashine hiyohiyo ya njia nne, gitaa, harmonika na sauti, nyimbo za wauaji na watu waliokata tamaa. Mmoja unatokana na mtu aliyeua watu kadhaa huko Nebraska mwaka 1958. Zilichanganywa kwenye redio kaseti iliyokuwa imewahi kuingia maji. Aliibeba ile kaseti mfukoni, bila hata kasha lake. Ilikuwa iwe ya kuwaelekeza wenzake tu, na bendi yake yote ikaingia studio kuzipiga upya. Ikashindikana. Zilipigwa vizuri, na hofu ikawa imetoka. Mwisho kaseti ile ya mfukoni ndiyo iliyotolewa kuwa albamu, na mafundi walihangaika sana kuihamishia kwenye santuri. Bendi kubwa, studio kubwa, na hawakuweza kuirudia hofu iliyonaswa chumbani.

Kwa nini sauti iliyokwaruzika inatutisha hata pale ambapo maneno hayatishi? Wapo waliolichunguza hilo. Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, anawachunguza marmoti, wanyama wa milimani wa jamii ya kindi. Mnyama mwenye hofu kubwa husukuma sauti kupita uwezo wa koo lake, na sauti inavunjika, inakuwa na mikwaruzo isiyo na mpangilio. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa muziki na sauti za filamu 102, wakaona kwamba watengenezaji wa filamu, pamoja na wale wa filamu za kutisha, wanatumia mikwaruzo ya aina hiyohiyo kuyagusa masikio yetu. Kaseti ikipokea sauti kubwa kuliko inavyoweza kubeba, nayo inavunjika hivyohivyo. Bibi akiliinua koo katika wimbo wa nne, kanda inapiga yowe pamoja naye. Kuna mtu atakayesema hapo paliharibika. Mimi nasema hapo mashine imeogopa.

Wimbo wa tatu tuliurekodi kwa simu. Mwanamke yuko Mbeya, dada yake yuko Mafinga, wanaimbiana kupitia simu ya kawaida, na kinasa sauti kiko kando ya spika. Simu ya kawaida inapitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, yaani mitetemo kwa sekunde. Sauti ya mwanamke anapozungumza inakaa chini ya hapo, karibu na hezi 200, kwa hiyo ule msingi wa sauti ya dada yako haupiti kwenye simu ya namna hiyo. Sikio lako linautengeneza lenyewe kutokana na vilivyo juu yake. Wimbo unahusu mume aliyekwenda machimboni. Wazee wa Rungwe na Mbeya mnakumbuka: vijana walisajiliwa wakaenda migodini Afrika Kusini, wengine wakaenda Zambia ikingali Rhodesia ya Kaskazini, na si wote waliorudi wala si wote walioandika. Kijijini mtu asiyerudi na asiyezikwa husemwa mambo. Wengine walisema amekuwa msukule. Katika wimbo mkewe anamwita jina, kimya, anamwita tena, kimya. Tuliweka nyuma yake reli ya TAZARA, iliyonaswa usiku nje kidogo ya mji wa Mbeya. Ni kilomita 1,860 za chuma, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa 1970 hadi 1975, wakati wanaume wa wimbo huo walikuwa wameshaondoka kitambo. Ilichelewa kuwarudisha. Hilo la mpangilio ni letu, bibi mwenye wimbo aliulizwa akakubali.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimetaja msukule, na nimewaona baadhi yenu mmetazamana.

Tunaishi katika mikoa ambayo hofu inaua. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto wa Njombe waliibwa wakauawa, na nchi nzima ilijua ni imani gani zilizotajwa. Kabla ya hapo Mbeya ilipita kwenye miaka ya watu kuchunwa ngozi. Oktoba 2016, kule Chamwino mkoani Dodoma, watafiti waliokwenda kuchukua udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji walioambiwa kwamba hao ni wanyonya damu. Vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wameitwa wachawi wakakatwa mapanga. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa ukali, mama, unathubutuje kuuza hofu huku kwetu, namheshimu kwa swali lake, na nina wajibu wa kumjibu.

Jibu langu ni kwamba kuna hofu inayonyoosha kidole na kuna hofu inayotega sikio. Ile ya kwanza inasema yule pale, bibi yule, mgeni yule, mtoto mwenye ualbino yule. Ile ya pili ni ya mama kijijini aliyesimama katikati ya wanaocheza akasema, ngojeni, nasikia mtu. Mama yule hakumpiga jirani yake. Alikwenda kufungua ngoma.

Tulipokusanya nyimbo tuliletewa nyingi zinazonyoosha kidole. Baadhi zilikuwa nzuri mno kwa sauti, za kusisimua kuliko zote mtakazosikia leo. Zinataja mchawi, zinasema anakaa wapi na ana mke wa namna gani. Hizo hatukuzitia, na kanda zake hazitatoka kwangu. Hakuna hata wimbo mmoja humu wenye mchawi. Kuna zimwi, kuna wafu, kuna msitu, kuna mto, kuna njaa. Kijana anayetaka kufuata njia hii nitamsaidia kwa kila nilicho nacho, lakini akirekodi wimbo unaomwonyesha mtu aliye hai, mwenye nyumba na jina, nitamkataa hadharani.

Na msidhani tukiondoa uchawi tunabaki na hofu ya kuchezea. Wimbo wa sita hauna maneno kabisa. Ni akina mama wanaoguna kwa midomo iliyofungwa, na ligombo. Kwa vijana ambao hawajaliona ligombo: ni gogo lililochimbwa katikati, uzi umepitishwa juu yake kwenda na kurudi, na kibuyu cha kukuza sauti. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alilirekodi alipopita Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950, na kanda zake ziko Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Mhehe anayetaka kuzigusa kanda hizo zenyewe inambidi aende nchi nyingine. Nanyi mnajua sasa nikisema hivyo nafikiria ngoma ya nani.

Wimbo huo unahusu kichwa cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Wakakikata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ndani yake una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita. Lilirudi 1954, na leo liko Kalenga, jirani kabisa na hapa tulipo. Mtoto wa shule anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Miaka 56 mwili hapa, kichwa kule. Watoto wetu wanajifunza habari hii kama tarehe ya mtihani. Mimi nataka walale nayo usiku mmoja.

Namna tulivyoufanya wimbo huo nitawaambia, kwa sababu mtadhani ni hila ya kompyuta. Kaseti ya dakika 90 utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60. Ndiyo maana unaingia mwingi. Utepe ukikaa umeviringwa muda mrefu, mzunguko mmoja unaugusa mwingine, na usumaku wa sauti kubwa unavuja kwenda kwenye mzunguko wa jirani. Ukiipiga, unasikia mzimu mdogo wa sauti kabla ya sauti yenyewe. Akina mama wanaguna, na kabla hawajaguna mnasikia mguno wao kwa mbali. Mafundi wa redio tangu zamani wanaiona hiyo ni dosari, wanaviringa kanda zao kinyume ili mzimu uje nyuma ya sauti na kujificha ndani yake. Sisi tuliiviringa ili uje mbele. Tukaifunga kanda kabatini, tukasubiri.

Mtaona pia kwamba si kila kitu humu ni giza, na wale waliokuja wakitegemea kutishwa saa nzima wataona tumewadhulumu. Wimbo wa saba ni ngoma ya msiba ya Wanyakyusa, na inachangamka. Godfrey na Monica Wilson, walioishi Rungwe miaka ya 1930 wakiandika maisha ya huko, walieleza maziko ambayo wanawake wanalia huku wanaume wanacheza na mikuki, vumbi linapanda, na vijana wanatazamana kwa macho ya uchumba. Mgeni anaona ni kukosa heshima. Mwenye msiba anajua kwamba kifo kimeingia nyumbani na hakiwezi kuachwa kikae peke yake. Hatukwenda na maikrofoni kwenye msiba wa mtu. Tuliwaomba wapigaji siku nyingine, wakauliza ni nani aliyekufa, tukasema hakuna, wakafikiri, wakaanza kumtaja mmoja mmoja kila marehemu waliyewahi kumpigia. Majina hayo tumeyakata kwenye albamu kwa sababu ni ya familia zao. Ngoma inayofuata baada ya majina hayo mtaisikia.

Kuhusu vyombo, vijana, msije kuniuliza mashine ya njia nne inauzwa wapi. Ni ngumu kupatikana na vipuri vyake ni shida. Redio kaseti ya zamani iliyopo nyumbani inatosha. Simu inatosha pia, ila uizime ile huduma yake ya kupunguza kelele ikiwa simu inakuruhusu, na usiishike mkononi; iweke juu ya kitu kilichomo chumbani, juu ya meza, juu ya kinu, juu ya debe, ili chumba chenyewe kiingie. Mtungi mtupu karibu na mwimbaji unajibu noti fulani na kuziacha nyingine, jaribuni. Usirekodi saa ambayo kijiji kimenyamaza. Na usimwambie bibi arudie kwa sababu jogoo amewika.

Mwenye wimbo abaki mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata sanaa za jadi ambazo mtungaji wake hajulikani, kwa hiyo msijidanganye kwamba kisicho na jina ni cha kuokota. Kila familia iliyoimba humu ina nakala yake ya kaseti, na waliotaka majina yao yasiandikwe hayakuandikwa.

Mwisho ni ombi. Najua majumbani mwenu kuna kaseti za harusi, za kwaya, za babu akihadithia, za salamu alizotuma mjomba kutoka mgodini. Tafadhali msizipige kwa haraka. Kama zina ukungu mweupe kwenye utepe, zitachafua kichwa cha redio na utepe unaweza kunata na kukatika. Kama kile kisifongo kidogo cha ndani kimedondoka, sauti itasikika kwa mbali na mtadhani imefutika, kumbe ipo. Msizianike juani, msiziweke juu ya spika. Wekeni zikiwa zimesimama, ndani ya kasha, mahali pakavu, halafu mniletee. Nitakuwa pale mlangoni tukimaliza, na kuna daftari la kuandika jina na namba ya kanda. Zitahamishwa na kurudishwa kwenu, pamoja na mvumo wake wote. Albamu ina pande mbili, katikati tutapumzika kwa chai. Wenye watoto wadogo wanaweza kutoka nao kabla ya wimbo wa sita.